Wanafunzi Waliokataa Kujiandikisha kwa Kandida

Asubuhi hii ukungu umeshuka kutoka Mlima Meru hadi Moshono, na wanafunzi wanatokeza humo mmoja mmoja, kama watu wanaotoka ndotoni. Kandida Tarimo anawangoja mlangoni na kalamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jina, somo, halafu karibu ndani."

Kandida, mwenye miaka 41, ni karani wa chumba cha masomo ya ziada katika chuo kimoja cha ufundi. Huandika nani amekuja, anasaidiwa somo gani na amekaa muda gani.

Mwaka jana, 1995, kazi hiyo nusura iishe. Chuo kilikuwa kimeanza kujitafutia fedha, na mfanyabiashara mmoja alitaka kukikodi chumba hicho aweke mashine za fotokopi. Mkuu wa chuo alipofungua daftari la mahudhurio, alikuta majina tisa tu kwa muhula mzima.

"Lakini viti vilikuwa vinajaa," anasema Kandida. "Walipitia mlango wa nyuma. Waliona aibu kuitwa mbumbumbu."

Angeweza kuyajaza majina yao mwenyewe. Hakutaka. Jioni moja aliingia, akasimama mbele yao.

"Wanangu, mkiendelea kujificha, chumba hiki kitaondoka huku mnaangalia."

Mvua iligonga bati. Kisha akainuka Lerionka, kijana mrefu wa Olmotonyi, akaichukua kalamu.

"Mimi hesabu zinanishinda," akasema kwa sauti. "Niandike wapi?"

Wenzake wakacheka. Halafu wakapanga foleni.

"Nililia," anakumbuka Kandida. "Nikawaambia ni moshi, na wala hapakuwa na moto."

Daftari lilipojaa, chumba kilibaki. Mfanyabiashara alipewa kibanda karibu na geti.

Siku hizi, wanafunzi wakishatulia, Kandida huegemea dirisha akautazama ukungu unavyopanda polepole, ukiiacha migomba nyuma, kisha misitu, hadi mlima wote unabaki wazi. Yeye aliishia darasa la saba huko Rombo, baba yake alipofariki. Tangu Januari, baada ya kazi, Lerionka, ambaye sasa hesabu hazimshindi tena, anamfundisha aljebra. Mwakani Kandida anakusudia kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

"Huwa naota niko ndani ya mtihani na kila swali nalielewa," anasema. "Naamka nacheka peke yangu. Mume wangu ananiuliza, na umri huu? Namwambia, umri utapita tu, hata nikikaa jikoni."