Mkono Usiompiga Tata

Chai ya Sironga hupogolewa ikaonekana imekufa, kisha huchipua upya. Na baina ya kupogolewa na kuchipua, binti huwa mama na mama huwa ajuza. Hivyo ndivyo miaka ilivyompitia Bitutu binti Makori. Alimzika baba yake angali msichana, akaolewa Marani, akarudi kwao ndoa ilipovunjika, akajifunza ndondi katika ukumbi mmoja mjini Kisii, hata mkono wake wa kushoto ukajulikana kuliko uso wake. Asubuhi alichuma chai na mama yake, Nyanchoka. Jioni alipiga gunia la mchanga. Wengine wakidhulumiwa hulia. Bitutu hakujaliwa machozi, alijaliwa ghadhabu.

Aliyeichochea ghadhabu hiyo ni Obadiah, mdogo wa marehemu baba yake, mtu wa kuomba kwa sauti siku ya Sabato na mnyang'anyi siku sita zilizosalia. Kila msimu wa mvua aling'oa miti ya mpaka akaipanda ndani zaidi ya shamba la mjane. Siku Nyanchoka alipothubutu kumzuia, alimshika mkono akamsukuma. Mama wa watu akaangukia kisiki, kifundo cha mkono kikavunjika. Bitutu alifika mbio, ngumi zimekwisha kupanda kidevuni.

Obadiah hakurudi nyuma hata unyayo. Alifungua koti, akatokeza tumbo.

"Piga, mwanangu! Si wewe bondia? Mpige tata yako, watu waone!"

Alijua alisemalo. Kwa Abagusii ndugu wa baba ni baba, naye huitwa tata. Na heshima iitwayo chinsoni humkataza mtoto kumpiga mzazi. Aivunjaye hutazamwa kama mwenye laana, na nani angesimama tena upande wa mjane ambaye bintiye amelaaniwa? Majirani walikuwa wamejipanga ng'ambo ya ua, macho yao kwa Bitutu, si kwa mama aliyelala chini. Ngumi zikashuka. Obadiah akaenda zake akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

"Ngumi unazo," Omosa, mwalimu wake wa ndondi, alimwambia. "Ongeza mateke. Kuna kijana anafundisha taekwondo hapo juu. Teke moja tu, mzee analala."

"Nimpige tata teke, mwalimu? Teke ni la mbwa! Afadhali hata ngumi."

"Basi mieleka. Mbwage."

"Avunjike nyonga, nami niitwe muuaji?" Alilipiga gunia mpaka mnyororo ukalia. "Nataka kitu cha kumshika asimguse mama, wala asipate alama ya kuwaonyesha wazee."

Omosa alikuna kichwa. "Wewe hutaki mchezo, unataka pingu." Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Nenda kwa Kavita."

Kavita alikuwa binti wa mzee Chandulal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kila Jumapili alifundisha judo juu ya mikeka katika ghala la nyuma, kando ya magunia ya saruji. Alimfikia Bitutu begani tu. Somo la kwanza alimshika ukosi, na Bitutu, pasipo kufikiri, akaurusha ule mkono wa kushoto. Mdomo wa Kavita ukachuruzika damu.

"Pole, dada! Ni mazoea."

"Huyo mzee wako atakushika hivihivi," Kavita akajibu, akijifuta kwa kiganja. "Ukimpa ulichonipa mimi, umempa na shamba."

Neno hilo lilimchoma Bitutu kuliko ngumi zote alizowahi kula. Ndondi ilikuwa imemfundisha kukwepa kushikwa; judo ilimtaka akaribishe kushikwa, afungue vidole alivyovikunja miaka yote. Aliangushwa, akainuka amefura, akaangushwa tena. Alipojua kuanguka, hakutaka ile mitupo mikubwa ya kupendeza macho. Alirudia jambo moja tu: kumvuta mtu taratibu mpaka chini, na kumbana huko asiumie.

Mvua zilirudi, na Obadiah akarudi nazo, jembe begani, mchana kweupe. Nyanchoka, mkono wake ungali dhaifu, alisimama mbele ya miti ya mpaka. Obadiah alipomnyoshea mkono amsukume tena, Bitutu alimdaka kwa mkono wa koti na ukosi.

"Kaa chini, tata."

"Niache, mtoto wa laana!"

Akamkalisha kati ya mistari ya chai kama mtoto akalishwavyo mkekani, akamlaza, akaubana mkono wake kifuani mwake. Obadiah akapiga mayowe kwamba anauawa, na sasa majirani wakaruka ule ua ambao hawakuuruka kwa ajili ya Nyanchoka. Nyakundi, mkubwa wa ukoo, akamwamuru Bitutu amwachie, kisha akainama na fimbo yake.

"Amekupiga wapi, Obadiah?"

"Hapa... aa, huku mgongoni!"

Shati likafunuliwa. Mgongo mzima, laini, wa mtu aliyeshiba. Mwanamke mmoja akacheka puani.

"Msicheke!" Bitutu aliwageukia. "Mama alivunjika mbele yenu, mkanihesabia mimi ngumi nisizopiga. Chinsoni ni ya mtoto peke yake? Tata hana yake? Niambieni nyinyi, wazee!"

Nyakundi aliliokota jembe, akamkabidhi Obadiah. "Irudishe miti ilipokuwa. Sisi tunatazama, kutazama tumezoea."

Obadiah alichimba mpaka jua likapinda. Hakuomba radhi, na Bitutu hakuacha kumkasirikia. Vidole vyake vilijikunja na kujikunjua hadi mti wa mwisho uliposhindiliwa udongo.

Ee Mola, mtetezi wa wajane, mbariki Bitutu na mikono yake miwili, ule unaopiga na ule unaojizuia. Kiunge kifundo cha mkono wa Nyanchoka kipate nguvu ya kuchuma tena. Uwalinde wote wa nyumba ya Makori, na Obadiah naye, kwa kuwa ni damu yao, umwinamishe moyo kama ulivyomwinamisha mgongo. Amina.