Ng'ombe Aliyerudi Munigi

Mjomba alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya maji.

"Mupwa, tuko Lac Vert. Kuja utuonyeshe kwa baba yako. Tuko na ngombe."

Nikamuuliza ng'ombe wa nini, ingawa nilishajua. Nina tabia hiyo ya kuuliza ninachokijua, labda jibu litabadilika njiani.

"Ya dote," akasema, yaani ya mahari. "Tunamurudishia dote yake. Fanya mbio, barabara iko na magari mingi."

Wakati huo talaka ya wazazi wangu ilikuwa imekwisha kutolewa. Baba alikuwa amehamia Munigi na mke mwingine. Mbele ya tribinali lilibaki jambo moja tu: mama alikuwa ameomba baba amtunze kila mwezi, maisha yake yote. Hakudai malori ya baba, ingawa lori la kwanza lilinunuliwa kwa magunia ya maharagwe aliyoyabeba mgongoni mpaka mgongo ukaharibika. Sasa hakuweza kukaa kwenye kiti muda mrefu, seuze kusimama sokoni. Mimi nilikuwa na diplome ya uchumi na sikuwa na kazi. Tuliishi wawili katika chumba cha kupanga, na baba asipomtunza, sikuona nani mwingine angemtunza.

Avoka wetu, wakili wa mama, alikuwa na umri karibu na wangu, na hilo pia lilikuwa likinikosesha usingizi. Alituonya mapema. Juji atataka kujua kama mama ana shida kweli, na atataka kujua nyumba ilivunjwa na nani. "Basi msifanye kitu chochote kinachoonekana kama ninyi ndio mlivunja ndoa," alisema. Nilifikiria maneno hayo kwa wiki nzima. Nikajiuliza kama kumsalimia baba ni kuvunja ndoa, na kama kutomsalimia pia ni kuvunja ndoa. Ng'ombe sikumfikiria hata mara moja.

Niliwakuta kando ya barabara, wajomba wawili kutoka milima ya Masisi, wamevaa makoti mazito na mabuti yenye matope. Kati yao alisimama ng'ombe mwekundu, mnene, ana mimba kubwa. Alikuwa akichagua pa kukanyaga. Ng'ombe wa majani ya mlimani hajui mawe yetu ya volkano.

"Angalia uzuri yake," mjomba mkubwa akaniambia. "Tungemupa mwenye kukonda, angesema nini?"

"Mjomba, kwa nini mnamrudisha?"

Akaniambia. Baba alikuwa amesema kwenye harusi ya watu, mbele ya wazee: "Wale watu wa Masisi wananiomba chakula, na huku wanakunywa maziwa ya ngombe yangu." Maneno yakapanda mlima kabla ya harusi kwisha. Wajomba hawakulala. Ng'ombe wa mahari mwenyewe alikufa zamani, huyu alikuwa wa uzao wake, na walimchagua kuliko wote.

Nikawaeleza. Nikawaambia kwamba kwa mila yetu mahari inarudi pale mwanamke anapokuwa ndiye mwenye makosa. Kwamba avoka wa baba atasema: angalieni, familia yenyewe imekubali. Nilieleza vizuri, nikarudia kwa mpangilio mwingine, nikatoa na mfano.

"Umemaliza?" mjomba mdogo akauliza.

"Ndiyo."

"Unasema sana kama redio. Na weye, na hiyo diplome, tutakuombea ngombe ngapi?"

Wakacheka wote wawili. Ng'ombe alikuwa ananinusa mfuko. Mjomba mkubwa akaacha kucheka. "Dada yetu haiko mutu wa kuomba-omba kwa mwanaume mwenye kututukana. Akitaka amulishe, amulishe juu ni haki, haiko juu ya ngombe."

Nilimpigia mama. Nilitumaini atakataa, nimpe mjomba simu, mambo yaishe pale pale.

"Ni ngombe gani?" akauliza.

"Mwekundu. Ana mimba."

"Ule ni muzuri."

"Mama, wazuie!"

"Dote haikuwa yangu, mutoto wangu. Ilikuwa ya kwetu. Na hawa ni bakaka yangu. Nikigombana nao, nani atanizika?"

Basi nikawaonyesha njia. Ningeweza kuwapoteza, na nililifikiria hilo katika kila kona, lakini Munigi si mbali na mjomba mdogo anajua kuuliza watu. Tulipita katikati ya mji, ng'ombe mbele, mimi nyuma, waendesha pikipiki wakitupigia honi. "Mama, hiyo ni mutaji?" mmoja akaniuliza, na mwenzake akamjibu, "Hapana, ni bwana yake!" Nilipoona ng'ombe anachechemea nilifurahi, nikitumaini atakataa kuendelea. Halafu nikaona aibu, kwa sababu alikuwa anaumia kweli. Mjomba mkubwa akavua koti, akalikata kitambaa cha ndani, akamfunga kwato.

Baba alitoka amevaa singileti. Akamtazama ng'ombe muda mrefu, kisha wajomba, kisha mimi.

"Na weye ndiye uliwaleta?"

Niliinama, nikakaza kitambaa cha kwatoni.

Aliagiza bia. Wajomba walikataa kukaa, lakini bia ya mtu huikatai ukiwa umesimama kwenye parseli yake, ndani ya ua wake, kwa hiyo walikunywa wakiwa wima.

"Tumeachana vizuri, bashemeji," baba akasema.

"Hatuko tena bashemeji zako."

"Basi, majirani."

Hata wao walicheka. Mimi nilitazama chupa zikipungua. Kwetu bia ndiyo hufunga makubaliano, nikafikiri kwamba wasipozimaliza labda kule kurudisha hakutahesabiwa. Walizimaliza.

Siku ya kesi, juji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na upole ule ulinipa matumaini. Avoka wa baba hakusema mengi. Aliuliza kama mahari ilirudishwa. Wetu akaanza kueleza kwamba hilo halihusiani na shida ya mama, na alikuwa anaeleza vizuri, mpaka mjomba mkubwa akainuka kwenye benchi bila kuitwa.

"Tulirudisha! Tena yenye mimba!"

Watu wakacheka. Juji akamwomba akae, na akakaa kwa heshima, kifua mbele, mtu aliyeitetea familia yake. Mama alikuwa amesimama ukutani kwa ajili ya mgongo. Hakumtazama kwa hasira. Alimwekea sawa kola ya koti.

Mama alipewa msaada mdogo wa muda mfupi, wa kujipanga tu. Ule wa maisha ulikataliwa. Juji alisema familia zilikuwa zimemalizana zenyewe. Tukakata rufaa. Halafu vita vikaingia mjini, majaji wakaondoka, na mlango wa tribinali ukafungwa. Avoka wetu pia aliondoka. Akipatikana kwenye simu ananiambia tungojee. Huwa nasahau kumuuliza tunangojea nini.

Ng'ombe alizaa. Jumapili moja mwendesha pikipiki alileta bido, dumu la maziwa, limefungwa kwa jani la mgomba. "Papa anasema ni ya mama."

Nililisimamia bido lile kana kwamba lingelipuka. Akinywa, baba atasema anamlisha. Akiuza, atasema ana biashara na hana shida. Akilirudisha, atasema amekataa kutunzwa. Kumwaga hakukuwezekana, kwetu maziwa hayamwagwi. Nikamweleza mama njia zote nne, ya nne nikiieleza mara mbili.

Aliyachemsha. Akamimina vikombe viwili, akanywa chake polepole, amelala ubavu.

"Anamulisha majani ya barabarani," akasema. "Kule kwetu maziwa yake ilikuwa tamu zaidi."

Tangu hapo yanakuja kila Jumapili. Baba hasemi kitu, na mama hamuulizi. Juma lile la kwanza, mwendesha pikipiki aliporudi kuchukua bido, nilikuwa nimeshalisafisha. Mama akanizuia mlangoni. Kwetu chombo cha maziwa hakirudishwi kitupu, hata kwa mtu mliyeshtakiana naye.

"Mama, tuna nini cha kumpa?"

Alionyesha kwa kidevu mfuko wa maharagwe chini ya kitanda, wa kutufikisha mwisho wa mwezi. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeomba chakula, kwamba kama kesi itafunguliwa tena hakuna avoka atakayeweza kulieleza jambo hili. Alikuwa ameshainuka, mkono kiunoni.

Mdomo wa bido ni mwembamba. Nilikunja karatasi iwe faneli, nikaishika, na mama akawa anamimina maharagwe konzi moja moja, akitoa mawe.