Sahani za Mugomba Tulizopeleka Kambini

Siku yangu ya kwanza kazini, muzee shefu wa atelie, mukubwa wa karakana yetu, alinipa kisu na shina la mugomba, akasema tu, "Mama, chuna." Mimi nilikuwa nimevaa kitenge cha kwenda misa! Nilikuwa nimesoma kemia, nikafikiri nitapewa koti jeupe na chupa za vioo. Aka! Kufika saa sita utomvu ulikuwa umenichafua mpaka kifuani, na utomvu wa mugomba, vijana mujue, hautoki kwenye nguo. Hiyo ilikuwa Majengo, hapa Goma, uani, chini ya mabati. Nilirudi nyumbani nimenuna, na kesho yake nikaenda tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mugomba ukishakatwa ndizi, shina linabaki shambani linaoza, hakuna anayelitaka. Sisi tulilichuna, tukalichemsha kwa maji ya majivu ili nyuzi zilainike, tukazitwanga. Kisha tunapika gundi kwa wanga wa muhogo, ule mweupe unaotuama chini ya beseni: unakoroga motoni mpaka unavuta. Nyuzi na gundi tunazichanganya, tunazikandamiza kwa presi ya mukono, tunaanika. Inatoka sahani, ama karatasi ngumu ya kufungia fromaji, ile jibini ya Masisi. Mwisho tunapaka nta ya nyuki ili mchuzi usipenye. Ukiitupa, udongo unaimeza. Sashe ya plastiki wajukuu wako wataikuta mtaroni, na bado itakuwa inaziba maji.

Mwanzoni gundi ilitukataa kabisa. Leo inashika, kesho inaachia kama uji wa mgonjwa. Shefu alitufokea, nasi tukaanza kutuhumiana kwamba kuna anayeiba wanga. Kumbe maji! Tulikuwa tunakinga ya mvua, na volkano ikitoa moshi mwingi, mvua ya Goma inakuwa chachu. Shefu aliyaonja, akatema, akasema, "Mulima umetukamulia ndimu." Tangu siku hiyo tulipikia maji ya ziwa, tukiyaleta kwa bidoni juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo.

Baadaye nilitumwa Rutshuru, chini ya muagronomu mmoja, fundi wa kilimo, mwenye sauti kubwa na moyo mwema. Kule tulitengeneza mifuko ya miche ya kahawa: unapanda muche pamoja na mfuko wake, mizizi inapita yenyewe. Adui wetu alikuwa ukungu. Muagronomu alinifundisha kutia dawa ya buluu, sulfate ya shaba, ile wakulima wanayopulizia nyanya. Kwa kitu cha kuingia udongoni, na kidogo vile, haikunisumbua. Nilikuwa na furaha Rutshuru, sitaficha. Kisha vita vikarudi, barabara ikafungwa, tukashuka Goma na kile tulichoweza kubeba. Presi tuliiacha. Muagronomu pia tulimwacha, na mpaka leo sijui alilala wapi.

Goma nilikuta shefu amefariki na atelie inakata roho. Mashina hayakuja tena kutoka mashambani, na wateja walikuwa wamerudia plastiki. Direkta mpya, mutu wa tai na simu mbili, alipiga magoti kila ofisi ya mji huu, nampa haki yake. Mwishowe shirika moja likaagiza sahani za kambi ya wadeplase, watu waliokimbia Masisi na Rutshuru wakafunga maturubai yao karibu na Munigi. Hiyo ndiyo ilikuwa pumzi yetu ya mwisho. Nikawa shefu wa wamama wa kuanika, huko huko Munigi, kwa sababu mawe meusi ya volkano yanashika joto la jua na sahani inakauka upesi.

Halafu mvua ikaanza. Direkta akashuka kwenye gari na kopo la dawa ya buluu.

"Mama Shefu, tia hii kidogo. Bila hii zitaota ukungu mbele ya kufika."

"Papa Direkta, hii ni sahani ya chakula. Haiko mfuko wa kahawa."

"Mutu anakula chakula, hakuli sahani."

"Mutoto analamba sahani! Weye hukulamba?"

"Wakizirudisha, tunafunga mulango. Hawa wamama wote watakula nini? Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikataa sumu."

Aliondoka bila kuaga. Lakini alichosema kuhusu wale wamama kilikuwa kweli. Kila mmoja alikuwa analisha nyumba nzima, na baadhi yao walikuwa wamehifadhi ndugu waliokimbia. Niliwaeleza. Mmoja akasema, "Tuzipandishe jikoni." Basi kila mmoja alibeba sahani kwake Majengo, akazipanga juu ya makaa, kwenye utara wa kukaushia samaki. Watoto walikohoa, waume walilalamika nyumba imejaa moshi. Lakini sahani zilitoka kavu, zinanuka moshi, bila doa la ukungu. Direkta alicheka, akanishika mukono. Siku ile nilijiona mutu.

Sahani zilifika kambini. Chakula hakikufika. Magari ya unga yalikwama njiani, vita vilikuwa vimekata barabara, na watu wa shirika wakagawa kile kilichokuwepo, sahani zetu. Fikirini: mutu ana njaa, unamupa sahani.

Desturi yetu ilikuwa kwenda kuangalia kitu chetu kinavyotumika. Kesho yake nikaenda. Mbele ya turubai la kwanza nilikuta mama mmoja wa Masisi anakoroga sufuria, watoto wake wamekaa kuzunguka moto, kimya. Nikamusalimu, nikauliza anapika nini.

"Sahani," akasema. "Walituambia ziko za muhogo. Nimeziloweka, nimetoa nyuzi, nta imepanda juu nimeiengua. Ona, inashika sawa bugali."

Kisha mwiko ukasimama. Aliona labda uso wangu. "Mama, iko na dawa mubaya ndani?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

Mungu wangu. Nilikaa juu ya jiwe nikalia kama mutoto, na yule mama, mwenye shida zote hizo, ndiye alinibembeleza.

Shirika liliandika kwamba sahani zetu hazidumu, likanunua za plastiki. Atelie ikafungwa. Direkta alikuja kwangu kunipa pole ya kustaafu, akaanza, "Mama, ile dawa yangu..." akashindwa kumaliza. Nilimuwekea chai, tukainywa. Sasa vijana wanakuja uani kwangu kujifunza, nami nawaonyesha majivu, nta, jinsi ya kuonja maji. Wanapenda kunipongeza kwamba nilikataa kutia dawa. Nawakatiza. Pongezi hizo zinanichoma, kwa sababu zinanirudisha kwenye njia ya kutoka kambini siku ile. Nilikuwa nimeshapita maturubai mengi nikasikia mutu ananikimbilia kwa nyuma. Alikuwa yule mama wa Masisi, mwiko bado mukononi. Nilifikiri anakuja kunitukana, na ingekuwa haki yake.

"Mama," akaniuliza, anahema, "mutaleta zingine lini?"