Wosia Wake Kwanza

Watu wanaoniletea baiskeli nizitengeneze pale sokoni wanadhani nimezaliwa na hasira. Hapana. Nilikuwa mtoto mpole kabisa mpaka siku ya kuanua matanga ya baba.

Siku hiyo baba mdogo alisimama uwanjani, wali wa watu haujaisha sahanini, akatangaza kwamba ukoo umekaa na umeamua. Shamba la mpunga kule Lupiro ni la ukoo. Baiskeli ni ya ukoo. Nyumba nayo, kwa kuwa imejengwa juu ya ardhi ya ukoo, ni ya ukoo. Mama yangu, aliyelilima lile shamba kwa mkono na kulala kwenye dungu msimu mzima akifukuza ndege na nguruwe, alipewa jembe na kuambiwa arudi kwao Mahenge. Na watoto? Watoto wakitaka wabaki. Tulimfuata mama.

Linalonichoma mpaka leo ni kwamba baba aliacha wosia. Aliutamka kwa mdomo akiwa kitandani, kama walivyofanya wazee wake. Alimwita mdogo wake, yuleyule baba mdogo, akamwambia shamba na nyumba abaki navyo mama watoto. Mama alikuwa palepale, kashika bakuli la uji. Siku ya matanga mtu akauliza, je, marehemu hakusema neno? Baba mdogo akajibu, "Mimi sikusikia kitu. Mgonjwa alikuwa anaweweseka tu." Basi, ikawa imekwisha. Baba alimkabidhi fisi bucha, na fisi akafanya kazi yake.

Kwa hiyo nilipooa, nikajenga hapa Ifakara na kumleta mama akae nasi chumba cha uani, niliapa kwamba mimi sitakufa kijinga. Nitaandika. Nikamwambia mke wangu jioni moja alipokuwa anapepeta mchele wake wa kuuza. Wala hakuinua macho.

"Andika peke yako, baba watoto. Mimi usinitie humo."

"Kwa nini?"

"Ukiandika leo, mwakani ukaugua hata malaria, nani atasemwa? Watasema nilikuandikisha kwanza, halafu nikakumaliza."

Nilipandwa na hasira, na zilizidi kwa sababu alikuwa anasema kweli. Kwetu mwanaume hafi kwa presha wala kwa sukari. Anakufa kwa mke wake. Akiacha karatasi inayompa huyo mke nyumba, hata mganga haendewi tena, ushahidi si huo? Nilibishana naye mpaka mama akakohoa kule chumbani, kile kikohozi chake cha kutuambia tunyamaze.

Nikaenda mwenyewe mjini kwa bwana mmoja mwenye kompyuta na mihuri. Alinihakikishia kuwa ataandika wosia wa mume na mke kwenye karatasi moja, bei ya mtu mmoja. Nikalipa, tena nikashukuru, mjinga mimi. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma kwa sauti ili mke wangu aone ninavyojali. Nikasoma kwamba ng'ombe wangu wote na zizi lao wagawiwe wake zangu wawili.

"Wawili?" mke wangu akauliza. "Na huyo mwenzangu yuko wapi, nimpakulie chakula?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sijawahi kufuga hata mbuzi! Nikarudi kwa yule bwana na karatasi yake mkononi. Akanitazama kwa upole, mshenzi yule, akasema, "Hiyo ni fomati tu, mzee. Jina si lako?" Alikuwa amechukua maisha ya mtu mwingine, akabandika jina langu juu yake, akagonga muhuri. Nikamuuliza mbona mke wangu hana pa kusaini. "Mke wa nini tena? Mke si familia?" Maneno niliyomtamkia siku ile nimeshayaungama kwa padri, sitayarudia hapa. Pesa hakurudisha.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akanipoza: hasira hasara. Nikamwambia hasara nimeshaipata, hasira niachie. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo baada ya misa, tukasikia kwamba wasaidizi wa kisheria watakaa ofisi ya kata na huduma ni bure. Nikaenda nikiwa na mdomo tayari. Nikamkuta dada mmoja mtaratibu, akanisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe.

Akanieleza. Karatasi moja ya watu wawili ni kujitafutia kesi. Kila mmoja aandike wake, aseme yeye ni nani, ana akili timamu, mali yake ni ipi na anamwachia nani. Kisha mashahidi. Mmoja atoke kwenye ukoo, mwingine asiwe ndugu, na wote wawe watu wasiopata chochote humo.

"Ukoo?" nikapaza sauti. "Niwaite wezi waje washuhudie kufuli?"

"Ndiyo maana wanaitwa, kaka. Wasije kusema hawakusikia."

Nikaanza kuwahesabu ndugu kichwani. Lakini dunia hii haina siri. Kabla sijaamua nimwite nani, habari ilishavuka mto mpaka kwa baba mdogo kule Lupiro. Zamani kivuko kingeichelewesha walau kidogo. Siku hizi daraja lipo, umbea unapita na bodaboda. Siku chache baadaye nikamwona baba mdogo anashuka kwenye pikipiki mlangoni pangu, kofia mkononi, mzee wa watu.

Mama alikuwa kibarazani anachambua mboga. Ni mke wa kaka yake mkubwa. Ila baba mdogo hakumpa hata shikamoo. Alipita akasema "Habari za hapa," kama anayeingia dukani, akakaa kwenye kiti changu. Mama akajikusanya na ungo wake, akaingia ndani.

"Nasikia mnaandika kifo," akaanza. "Sisi kwetu hatuandiki kifo. Nyumba ya mwana wa ukoo ni ya ukoo, haina haja ya karatasi. Huyo mwanamke alikuja hapa na sanduku lake, siku ikifika ataondoka na sanduku lake."

Nilishasimama. Sijui ningefanya nini, na sitaki kujua. Mke wangu ndiye aliyetangulia. Alitoka jikoni, mikono ina unga, akapiga goti kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, kiwanja hiki nilikinunua mimi kwa pesa ya mchele, kabla sijamjua mwanenu. Yeye ndiye aliyekuja na sanduku. Karibu uji."

Jamani! Nilijua, ndiyo, lakini nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo. Miaka yote nasema nyumba yangu, kiwanja changu, na yeye ananiacha niseme. Baba mdogo hakuugusa uji. Alipoondoka, mke wangu akanawa mikono, akasema, "Kesho twende huko kwenye kata. Na wangu uandikwe kwanza, tuone watasema nani kamloga nani."

Shahidi wa ukoo tulimpata Kiberege. Shangazi, dada yake baba, anauza mahindi pale sokoni kwao. Nilimfuata nikidhani atakataa. Akafunga gunia lake akasema, "Siku ile ya matanga nilikuwepo, na nilikaa kimya. Mimi naja." Shahidi wa pili akawa mwalimu mstaafu. Mama naye alitaka kuja. Nikamwambia hakuna haja, jua kali. Akavaa kitenge chake cha kanisani akaenda kukaa kwenye bajaji.

Dada wa sheria akaanza na mke wangu. Kiwanja ni chake, akasema, ila nyumba mmeijenga wote, kwa hiyo kila mmoja ataandika sehemu yake. Unamwachia nani? Nikajua atasema watoto. Wala.

"Andika kwanza chumba cha uani," mke wangu akasema. "Ni cha mama mkwe wangu mpaka siku yake ya mwisho. Yeyote atakayeipata nyumba ataipata na mama ndani yake. Halafu ndiyo uandike mume wangu na watoto."

Nilikuja na hasira ya miaka yote kwa ajili ya mama, na neno hilo sikuwa nimelifikiria. Zamu yangu ilipofika nikasema sehemu yangu mwachie mke wangu na watoto, na chumba cha mama andika vilevile. Tukasaini. Mwalimu akasaini, shangazi akaandika jina lake kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Nilijisikia mshindi. Nikatamani baba mdogo angekuwa dirishani anachungulia.

Ndipo mama akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Mwanangu," akamwambia yule dada, "haya mliyoandika, mtu anaweza kuyafuta?"

"Mwenyewe anaweza, bibi. Mtu akiwa hai ana ruhusa ya kubadilisha wosia wake."

Mama akafikiri kidogo. Kisha akaninyooshea kidole, mimi mwanaye, mbele ya shangazi na mwalimu na mke wangu.

"Kwa hiyo huyu akikasirika anaweza kunitoa?"

Yule dada akanitazama, akamtazama mama, akajibu kwa sauti ya chini.

"Wake anaweza kuubadilisha, bibi. Wa mkweo hawezi kuugusa."

"Basi," mama akasema, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie akaegemea kiti.