Kiganja cha Mtu Mwingine

Udongo mbichi unanuka kama mvua iliyofungiwa ndani. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa bustani ya maktaba mpya kule Wembley, kiangazi nilipokuwa na miaka tisa. Jengo lilikuwa la kioo na mbao, na katikati yake waliacha bustani chini ya paa la mbao zilizopishana, jua likiangukia majani vipandevipande. Ukuta mmoja uliachwa mtupu. Msanii mmoja, mwanamke, alikuja darasani akatuambia ukuta ule ni wetu: kila mtoto aje na mama yake, wabonyeze viganja vyao kwenye kigae kimoja cha udongo mbichi, kichomwe, kikae pale daima.

Mama alifurahi kuliko mimi. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee majumbani, mikono imemkauka kwa sabuni, basi wiki nzima aliipaka mafuta ya nazi. Hina ya Idi ilikuwa imeanza kuchujuka, naye akairudia, maua mpaka kwenye vifundo. "Mkono wa kuwekwa ukutani hauendi mtupu," alisema. Mimi fedheha ikanishika. Siku chache kabla, msichana mmoja alimwona getini akaniuliza mbele ya wote mama yangu ana ugonjwa gani wa mikono. Wakacheka. Nami nikacheka nao, mshenzi mimi. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nikamwambia Mama, "Imeahirishwa."

"Mpaka lini?"

"Watasema."

Kesho yake nikabonyeza kigae na mwalimu wangu. Mama hakuuliza tena. Chupa ya mafuta ikarudi kabatini.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika miaka ishirini. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Nasra kwenye maktaba ile, na Mama tulikuwa naye. Miti imekua, kivuli kimekuwa kizito, na ukuta umejaa viganja toka juu mpaka chini. Nasra akaliona jina langu chini ya viganja viwili. "Bibi, huu mkono wako?" aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia, hakisemi. Mama akakiweka kiganja chake juu ya kile cha mwalimu. Vidole vyake vikapita kwa pingili nzima.

"Haukutoshi!" Nasra akacheka.

"Udongo ukichomwa hunywea, mjukuu wangu," Mama akamjibu. Hakunitazama.

Ningependa anitukane. Angenipiga kofi palepale, mbele ya watu na vitabu vyao, ningelala vizuri. Udongo uwahi ungali maji. Mimi nilipewa siku moja tu ya udongo mbichi, nikampa mtu mwingine. Na juzi, tukitoka shule, Nasra akaniomba nisimsemeshe Kiswahili getini, wenzake wanasikia. Nilimfokea njia nzima mpaka akalia. Mama alikuwa nyuma yetu. Alijua ninayemfokea ni nani.