Programu Iliyolala Pampu Ikivuma

Mpaka leo nikisikia pampu inavuma, nakimbilia kutazama tangi. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kuzima pampu ya kunyweshea ng'ombe wetu huku Manchira, tangi likijaa. Kipande chake cha dharura, kile kinachozima pampu, kikianza, hufungia nje kazi nyingine zote, hata ile ya kuamsha zilizolala. Kwa hiyo chenyewe hakiruhusiwi kulala. Mimi nikakiwekea kufuli la kulala, yaani amri inayokilaza kikisubiri zamu yake mpaka kiamshwe.

Siku ya uzinduzi nikajigamba mbele ya wazee, "Huu mtambo haulali!"

Tangi likajaa, pampu ikaendelea kuvuma, maji yakamwagika yakafunika viatu vya mgeni rasmi. Nikabonyeza vitufe, hakuna kilichoitika.

"Imekuwaje?" akauliza Mzee Marwa, mwenyekiti wetu.

"Programu imelala, mzee. Inasubiri kuamshwa."

"Na wa kuiamsha yuko wapi?"

"Nilimfungia nje mimi mwenyewe, mzee."