Kisanduku cha nne cha Mama Vua

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa chumba cha kubadilishia nguo unafunguliwa na sauti inaingia kabla ya mwenyewe.

“Hereni. Bangili. Mkanda. Pini za nywele. Na wewe dada, hiyo ndoana ya sidiria usinifiche. Mashine itakusengenya.”

Wanawake sita walioketi kwenye benchi wanacheka na kuanza kujivua. Mmoja anahangaika na pete ya ndoa iliyogoma kutoka, anapewa kipande cha sabuni. Mwingine anaapa kwamba hana chuma chochote mwilini. Mwenye sauti ile, mama wa miaka hamsini na miwili, anamtazama juu mpaka chini, kisha ananyoosha mkono na kuchomoa pini mbili chini ya kilemba chake. Hakuna anayebisha tena.

Jina lake halisi limebaki kwenye orodha ya malipo tu. Wagonjwa walimpa jina la Mama Vua, likamganda, na sasa hata profesa anayeongoza utafiti wa moyo hapa chuoni humwita hivyo. Kwa miaka kumi na minne alifagia korido za jengo hili hili. Huu ni mwaka wake wa tatu katika utafiti, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu anayeingia chumba cha chini akiwa na chuma, hata chembe. Posho anayopata, anasema, humlisha yeye na wajukuu wawili siku nne za juma. Siku tatu zilizobaki hulishwa na cherehani.

Ndani ya chumba hicho kuna mashine iliyotokana na fizikia ya kwanta, ile elimu ya vitu vidogo kuliko vyote. Ina vichupa vya gesi vinavyomulikwa kwa mwali mwembamba wa mwanga, na kazi yake ni kusoma usumaku hafifu unaotoka kwenye moyo wa mtu. Wataalamu huchukua nusu saa kueleza. Mama Vua huwaeleza wagonjwa kabla hawajamaliza kufungua vifungo.

“Moyo ukipiga, unavuta kidogo sana, kama sumaku iliyochoka,” anasema. “Vichembe vya kwenye vichupa vinausikia. Ukiingia na kijipini, vinasikiliza kijipini, moyo vinausahau.”

Kijana mwanafizikia aliyeiunda mashine hiyo anakiri kwamba hajawahi kuieleza vizuri hivyo.

Utafiti wenyewe umeunganisha idara tatu. Fizikia imeleta mashine. Tiba inatafuta njia ya kugundua mapema maradhi ya moyo kwa wanawake, maana wengi hufika hospitali maji yamekwisha kumwagika. Sayansi ya jamii hupita nyumba kwa nyumba na dodoso, kuuliza kwa nini watu hawaji kupimwa. Anayekutwa na moyo wenye hitilafu hutibiwa bure kwa miaka miwili, na hapo ndipo penye uzito. Kubaki kwenye orodha ni kubaki na tumaini la dawa.

Miezi mitano iliyopita, wanawake thelathini na mmoja walikaribia kufutwa kwenye orodha hiyo.

Wote walitoka mtaa mmoja, ule wa vyuma chakavu, ambako wanawake hugonga, husaga na kupanga mabati na vipuri kutwa nzima. Vipimo vyao vilijaa kelele, kama wataalamu waitavyo mistari ya vurugu inayofunika mapigo ya moyo. Walipimwa mara ya pili, kelele zile zile. Profesa akaamua waondolewe.

Fomu ya kumwondoa mtu ina visanduku vitatu tu: amefariki, amehama, amejitoa kwa hiari. Aliyeiandaa hakuwaza kwamba mashine nayo inaweza kushindwa. Basi zikaja fomu thelathini na moja, zimewekewa alama tayari kwenye kisanduku cha tatu, zinasubiri saini ya shahidi. Shahidi ni yule anayempokea mgonjwa, yaani Mama Vua.

Aliisoma ya kwanza, akaisoma na ya pili, akazirudisha zote mezani.

“Huyu hajafa, hajahama, na hajajitoa,” alimwambia profesa. “Yupo hapo benchi. Nitie saini kwamba kaondoka, na mimi namwona? Ng’o.”

Hakuishia hapo. Juma hilo hilo aliombwa kupeleka bahasha idara ya sayansi ya jamii, akakuta rasimu ya ripoti iko wazi mezani. Iliandikwa kwamba wanawake wa mtaa wa vyuma hujitoa kwa sababu ya uoga na imani potofu kuhusu mashine. Uoga! Watu wanaopitisha siku nzima wakishika misumeno mikononi, eti wanaogopa vichupa. Hapo damu ikamchemka. Mtafiti aliyeiandika, dada mwenye adabu zake, alimweleza kwamba yeye aliletewa idadi ya waliojitoa, naye akaitafutia sababu.

“Yaani uongo mmoja ulikuwa umeshazaa,” anasema Mama Vua.

Miongoni mwa wale thelathini na mmoja alikuwamo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyewashawishi wenzake waje. Jumapili moja alimtembelea Mama Vua ili afumuliwe nywele. Alikuwa na misuko mirefu iliyofika kifuani. Mama Vua aliacha kushona ili amfumue, na kando yake palikuwa na sumaku aliyoing’oa kwenye spika mbovu, ambayo huitumia kuokotea sindano sakafuni. Akiwa anafumua huku akilalamika juu ya mashine, wazo likamjia. Akaipitisha sumaku kwenye msuko mmoja, taratibu, kutoka juu hadi chini.

Ilitoka imeota ndevu nyeusi.

“Wifi akaniuliza, ‘Ni chawa?’ Nikamwambia heri wangekuwa chawa.”

Kesho yake alimpelekea mwanafizikia sumaku ile ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Kijana alikifungua, akajishika kichwa. Walikuwa wamewavua wanawake wale kila kitu, wamewavalisha magauni ya hospitali, na muda wote huo walikuwa wakiwaingiza chumbani na vumbi la chuma kwenye nywele, la kutosha kuichanganya mashine nzima.

Mwezi mzima uliofuata, ua wa Mama Vua uligeuka saluni. Wanawake walikuja kwa zamu, wakafumuliwa, wakaoshwa nywele mara tatu, wakasuguliwa kucha, wakapitishiwa sumaku mpaka ikatoka safi. Kelele zilikuwa nyingi, na utani mwingi zaidi. Mwanafizikia alibeba ndoo. Waliporudi kupimwa, ishirini na saba walisomeka bila taabu. Watano kati yao walikutwa na mioyo yenye hitilafu, na sasa wako kwenye matibabu.

Wanne hawakusomeka, na wifi ni mmoja wao.

Waliwaosha tena. Kelele hazikupungua. Mwanafizikia alisogeza vichupa huku na huku juu ya kifua cha wifi, kisha akatamka alichokuwa anakiogopa: vumbi hilo halikuwa juu ya mwili. Lilikuwa ndani, kwenye mapafu, limevutwa pumzi kwa pumzi kwa miaka ishirini.

Profesa, ambaye si mtu mbaya na Mama Vua mwenyewe anasema hivyo, alimpongeza mbele ya watu. Alimwambia kuwapata ishirini na saba kati ya thelathini na mmoja ni ushindi mkubwa. Kisha akamsogezea fomu nne. Utafiti huu ni wa moyo, alieleza. Mapafu ni swali la utafiti mwingine.

“Na hawa wanne ni wagonjwa wa utafiti gani?” aliuliza Mama Vua.

Profesa alijibu kwamba takwimu zinafungwa mwisho wa mwezi, na kwamba yeye hana kisanduku kingine cha kuwaweka.

“Chora,” alimjibu.

Siku mbili baadaye aliletewa barua: fomu zile ziwe zimetiwa saini ifikapo Alhamisi, la sivyo mkataba wake hautaongezwa. Rafiki zake wamemsihi akubali yaishe, kwani mnyonge hana nguvu. Yeye huwajibu kwamba msemo anaoufahamu ni mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anaogopa, halifichi hilo. Cherehani peke yake haiwezi siku saba. Lakini anaogopa zaidi siku ambayo mtu atafungua kitabu cha utafiti huu na kusoma kwamba wifi yake alipewa nafasi, akaikataa.

Wifi naye amekata shauri. Anaongea kwa vipande, maana kikohozi humkatiza kila baada ya maneno machache. “Waandike nimejitoa… nikiwa nimekaa… mbele yao.”

Alhamisi Mama Vua na wale wanne watakwenda kwa profesa. Mwanafizikia ameahidi kuja na michoro ya vifua vile vinne, na Mama Vua amemwambia ahadi ni deni, asije akapata homa asubuhi. Anachotaka Mama Vua ni mambo mawili. Wanne hao wapelekwe kwa daktari wa mapafu kwa gharama ile ile ya utafiti. Na fomu ibadilishwe, ili utafiti ujao usimsingizie mtu kwamba ameondoka.

Anafuta mikono kwenye gauni, anafungua mkoba na kutoa fomu nne. Chini ya visanduku vitatu vilivyochapwa kipo cha nne, kimechorwa kwa rula ya kushonea na kalamu ya wino. Pembeni yake ameandika kwa mkono wake: *Tulimwita, akaja, tukashindwa kumsoma.* Ndani ya kisanduku kuna alama ya vema, na chini yake jina lake halisi, herufi kwa herufi.

“Walitaka saini,” anasema. “Hizo hapo, zote nne.”